Optimus Prime wa chuma, laki tatu na nusu: ni orijino au nauziwa uzito?

BabaNasri_Tanga

Wakuu, salaam.

Naomba msaada kwa wanaozijua hizi roboti zinazogeuka gari, Transformers. Kuna duka hapa mjini, tena si la midoli, ni la spea za pikipiki, ila mwenyewe huwa anachanganya na vitu vyake vya kwenye kontena. Juu ya kabati kaweka Optimus Prime, yule wa katuni ya zamani, siyo wa sinema. Kichwa cha lori chekundu, uso bapa, vioo viwili kifuani, miguu ya bluu. Nimemshika. Pasi ya mkaa haimfikii kwa uzito.

Bei laki tatu na nusu. Nimembembeleza hadi laki tatu akagoma, anasema hiyo ni "Masterpiece", ya Japani, na ya Japani haina punguzo.

Optimus namjua tangu utotoni. Mjomba wetu alikuwa baharia na kila akitia nanga alikuwa anakuja na kanda za VHS. Ile katuni ya 1984 tuliirudia mpaka kanda ikaanza kutoa mistari, maana huku bara vituo vya televisheni tumekuja kuvipata 1994. Nasri wangu ana miaka saba, yeye anamjua wa sinema tu, yule mwenye pua ndefu na miali ya moto ubavuni. Nikimwambia huyo si mwenyewe, ananicheka.

Sasa nauliza. Huyu ni orijino? Mtoto wa miaka saba atamweza? Na kama kuna mtu anaye nyumbani, anieleze anavyokuwa mkononi, siyo ya kwenye boksi. Boksi lenyewe limebonyea kona, lina Kijapani kingi na Kiingereza cha kubahatisha. Jina la Optimus Prime sikuliona popote. Tela hamna, muuzaji anasema linauzwa peke yake.

Mzee_wa_Makorora

Laki tatu na nusu, mdoli! Kwa hela hiyo mimi naezeka banda la kuku na mabati yanabaki. Ngoja waje wataalamu, nimeshavuta kiti.

Fundi_Kioo

BabaNasri, hela iache mfukoni kwanza.

Rudi dukani na futi ya fundi cherehani. Msimamishe, mpime kuanzia kisigino mpaka utosini. Kwa maelezo yako huyo anafanana na MP-10 (MP ndiyo hiyo Masterpiece), ambayo Takara Tomy, kampuni ya midoli ya Japani, waliitoa 2011. MP-10 ya kweli ina urefu wa kama sentimita 25. Ukikuta 30 na ushei, hiyo ni kopi iliyokuzwa, wala usihangaike kuuliza swali jingine. Na tela haliuzwi peke yake. MP-10 inakuja na tela lake kwenye boksi moja.

Bado una shaka? Mgeuze, utafute maandishi madogo yaliyochapwa ndani ya plastiki yenyewe, siyo kibandiko. Orijino ina majina TOMY na HASBRO (hawa ni Wamarekani wanaoshirikiana nao) pamoja na mwaka. Kwenye kopi mara nyingi sehemu ile imesawazishwa, ukipitisha ukucha unahisi pamelainika kuliko panapopazunguka. Aliyefuta jina alijua anafanya nini.

Kazi yangu ni simu, vioo na mifumo ya chaji, niko Morogoro. Midoli hii ni ugonjwa wangu wa pembeni. MP-10 orijino ninayo, shemeji yangu yuko kwenye yadi ya magari yaliyotumika Nagoya, akaninunulia ya mtumba pale Mandarake. Boksi limechoka ila ndani hakikosekani kitu. Na hiyo kopi ya chuma nayo imepita mezani kwangu zaidi ya mara moja, kwa sababu watu wakishajua una bisibisi nyembamba wanakuletea kila chenye skrubu nyembamba. Kwa hiyo nitakuelezea zote mbili.

Nianze na lori, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Optimus wa katuni ni kichwa cha semi cha uso bapa, dereva anakaa juu ya injini. Wa sinema ya 2007 walimfanya Peterbilt, lori la Kimarekani la pua ndefu, ndiyo maana Nasri haelewi unamwambia nini. Uso bapa una sababu. Kifua cha roboti ni kile kioo cha mbele cha lori, vilevile, hakuna kifua cha bandia. Unapomgeuza MP-10 vioo vinabaki pale pale vilipokuwa, kila kitu kingine ndicho kinachovizunguka. Kuna midoli mingi ya baadaye inadanganya hapa: lori lina vioo vyake, roboti lina vioo vingine vya kuchora, na vya kweli vimefichwa mgongoni. Mimi mdoli wa namna hiyo hata ukinipa bure nauweka kabatini.

Mabomba ya moshi yanasimama nyuma ya mabega. Grili inashuka kuwa tumbo. Miguu ndiyo ile nyuma ya lori inayobeba tela, na ukimtazama roboti kwa nyuma utaona magurudumu yamebaki kwenye miguu. Kichwa kinatoka ndani ya kabini, ngumi zinajikunja kuingia mikononi, mikono inajibana ubavuni. Mara ya kwanza utatoka jasho, hasa mabega: yanataka yapite kwa mpangilio, ukivuruga yanagoma. Usilazimishe. Mdoli wa aina hii ukigoma ujue kuna kitu kimetangulia au kimechelewa, rudi nyuma hatua moja utakiona. Ukishaujua, unamgeuza huku unaangalia mpira.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ndogo. Bunduki yake. Inajikunja, halafu inaingia ndani ya mgongo, unafunga, huioni tena. Lori linatembea na silaha yake tumboni na hakuna kipande kimeachwa juu ya meza. Vioo vya kifua navyo vinafunguka, na ndani imo ile Matrix, kito cha nguvu anachokibeba kifuani, inatoka kabisa, unampa aishike. Wanaoikumbuka filamu ya katuni ya 1986 wanajua kwa nini hilo kifua lazima lifunguke. Kuna na shoka la rangi ya chungwa linaloonyesha, linavalishwa juu ya ngumi, lile alilopigania na adui yake Megatron juu ya bwawa kwenye vipindi vya mwanzo kabisa. Ndani ya tela kuna Roller, kigari kidogo cha magurudumu sita, na Spike, yule kijana wa katuni, kadogo ka kupotea kwenye zulia. Tela lenyewe linafunguka kuwa kituo cha mapigano chenye mkono wa mitambo.

Sijui kama mnakumbuka, kwenye katuni akigeuka roboti tela lilikuwa linabingirika pembeni na kutoweka. Linakwenda wapi? Hakuna aliyewahi kueleza. Kwenye meza yangu haliendi popote, linakula nafasi ya simu sita za wateja.

Kasoro zipo. Mgongo wake si wa kutazama, mabaki ya kabini yamejazana pale na ameonekana kama mwanafunzi wa bweni siku ya kufunga shule. Na sura yake imekaa katikati, si mdoli wa 1984 wala si katuni yenyewe. Aliyetaka katuni tupu alisubiri MP-44 ya 2019, ila hiyo bei yake usiulize kama una ada za kulipa. Kwangu mimi MP-10 ndiyo iliyopatia, kwa sababu bado ni mdoli wa kuchezea. MP-44 unaigeuza kwa adabu kama mgeni wa serikali.

Sasa uzito, na hapa BabaNasri nisikilize vizuri, maana naona ndiyo uliokuvuta.

Sisi tuna tabia ya kupima ubora kwa mkono. Kitu kizito ni imara, chepesi ni takataka. Kwa sufuria ni kweli. Kwa mdoli wenye viungo sivyo. MP-10 orijino sehemu kubwa ni plastiki, na walioitengeneza hawakuwa wanabana hela: toleo la kwanza kabisa la Masterpiece, MP-01 la 2003, lilikuwa na chuma kingi sana. Walishajua chuma kikoje, wakakipunguza.

Angalia hesabu yake. Ukichukua kitu cha sentimita 25 ukakikuza kuwa 32, umeongeza zaidi ya robo kila upande: urefu, upana, kina. Uzito unapita mara mbili, hata bila kubadilisha plastiki. Lakini pini inayoshika bega, ule mduara wake unaobeba mzigo, umeongezeka mara moja na nusu na kidogo tu. Hapo tayari pini imeonewa. Sasa aliyekopi anaondoa plastiki ya mkono anaweka zinki ya kumwaga, kwa sababu anajua mteja atamnyanyua dukani na kusema "duh". Mkono umekuwa mzito maradufu tena, pini ni ile ile, na tundu inamoingia bado ni la plastiki.

Kinachofuata nimekiona kwa macho, kwa kioo cha kukuzia ninachotumia kwenye bodi za simu. Kuzunguka lile tundu la pini begani, plastiki nyekundu inaanza kuwa na mstari mweupe, mwembamba, umepinda. Mteja hauoni. Huo mweupe ni plastiki iliyovutika ndani, bado haijapasuka. Kila akiinua mkono mstari unakua. Siku inapopasuka hakuna kishindo, bega linalegea tu, Optimus anakaa mkono chini kama anadai nauli. Na hapo supaglu haisaidii, kwa sababu gundi inashika pale pale ambapo pini inatakiwa izunguke.

Chuma kina mahali pake: chini. Nyayo nzito zinamsimamisha vizuri, haanguki ukimgusa. Mikononi na kifuani ni hasara.

Kuhusu Nasri: MP-10, iwe orijino, boksi la Takara Tomy linasema miaka 15 kwenda juu. Hawakuandika urembo. Kopi ndiyo kabisa, hakuna aliyepima rangi yake ina nini ndani wala ncha zake. Mtoto wa miaka saba akifika kwenye yale mabega atafanya wanachofanya watoto wote, atavuta.

Mzee_wa_Makorora

Fundi, hapo kwenye kudai nauli umeniua. Sasa laki tatu na nusu kwa mgonjwa wa bega?

BabaNasri_Tanga

Nimerudi wakuu. Nilikwenda na futi kweli, muuzaji akanitazama kama nimekuja kupima jeneza. Sentimita 32. Mgongoni pale ulipoelekeza, Fundi, pamelainika, hakuna herufi hata moja.

Nilimwuliza kwa upole, akasema "hiyo ni toleo kubwa". Sikubishana naye, ni jirani yangu msikitini.

Kusema kweli bado roho inamtaka. Nikimtazama pale juu ya kabati naona Optimus, sioni kopi. Nikiwa simkunjui kila siku, namweka tu ofisini, atanidumu? Na bei ya haki ni ngapi? Na mabega hayajapasuka, nimeyakagua, ila mkono wa kulia ukiuinua unashuka polepole wenyewe. Na Nasri nimtafutie nini?

Ami_wa_Ruwi

Assalaam alaykum jamaa. Mie niko Muscat, asili yetu Unguja, Kikwajuni. Nimepita hapa kimya siku nyingi, leo mmenigusa.

Huyo wa 1984 mwenyewe mie ninaye. Alonunuliwa ni kaka yangu, hapahapa, akatuachia alipokwenda kusoma. Basi wacha niwaambie alivyo, maana watu wanamsifu bila kumshika. Viungo vyake vichache, ukimlinganisha na hiyo MP-10 ya Fundi huyu kasimama gwaride. Mkono unapanda, kiwiko kinakunja, basi. Lakini mna chuma halisi baadhi ya sehemu zake, na tela lina springi inomrusha Roller nje, ukibonya tu kashafika chini ya kabati.

Ila balaa lake ni ngumi. Ngumi za Optimus wa kwanza si sehemu ya mkono, ni vipande viwili mbali mbali, unavichomeka. Ukitaka kumgeuza lori unavitoa. Sasa mtoto avitoe aviweke wapi? Nyumba nzima ya wenye mdoli huu duniani haina ngumi. Yangu imebaki ya kushoto.

Na hii nayo ataipenda BabaNasri, kwa kuwa mnazungumza mambo ya feki. Hasbro hilo jambo lilikuwa likiwauma tangu zamani. Mwaka 1985 waliweka kibandiko kidogo cheusi kwenye midoli yao, cha joto. Ukikisugua kwa kidole, inatokea alama: uso wa Autobot, kundi la Optimus, au wa Decepticon, maadui zao. Kisipobadilika, umeibiwa. Wangu anacho, maana ni wa toleo la baadaye kidogo. Tabu ni kwamba huku Juni, kiyoyozi kikizimika, hasuguliwi na mtu, alama yajitokeza yenyewe.

Asili yake hasa si Marekani, wazee. Takara walimtoa Japani 1983 katika midoli iitwayo Diaclone, jina lake Battle Convoy, na hakuwa hai. Alikuwa mashine, anaendeshwa na mtu mdogo wa kumkalisha ndani. Hasbro walipoichukua mwaka wa pili wakamtia roho na jina, dereva hakuhitajika tena.

BabaNasri, ikiwa unataka sura ile ya utotoni, na huna haja ya chuma wala ukubwa, Takara Tomy wametoa 2024 mfululizo wauita Missing Link. Sura ya yule wa 1984 vilevile, lakini viungo vya kisasa. Si rahisi kwa bei, ila angalau ukilipa unajua unalipia nini.

Fundi_Kioo

Ami, hicho kibandiko ndicho kinachonifanya niheshimu midoli ya zamani. Usikisugue sana, rangi yake ina mwisho.

BabaNasri, nikujibu.

Mkono unaoshuka wenyewe ni dalili ya mapema, siyo kilio. Kiungo cha kwanza cha bega la MP-10 kina meno ndani, ukiuzungusha mkono unasikia tak, tak, tak. Muulize muuzaji umzungushe polepole ukiwa umeweka sikio. Ukisikia tak lakini mkono bado unashuka, kinacholegea siyo meno, ni kiungo cha msuguano kinachofuata, kile cha kutanua mkono kando. Hicho kinatibika. Fungua skrubu, toa pini, paka kuteksi isiyo na rangi kwenye ile pini, tabaka moja jembamba. Iache ikauke kabisa, usiku kucha, ndipo uirudishe. Ukiharakisha inajigundisha na hapo utamkata. Tabaka moja likiwa halitoshi ongeza la pili. Mimi sitii zaidi ya hapo, maana pini nene kupita kiasi ndiyo inayoleta ule mstari mweupe niliousema.

Usiposikia tak hata moja, meno yameshalika. Mwachie mwenyewe.

Kuna jambo la Tanga ambalo mtu wa Morogoro anaweza kulisahau: chumvi. Skrubu za orijino zinavumilia, za kopi zinaota kutu kama msumari wa mtumbwi, na springi za ndani ndiyo kwanza. Kabla ya kumweka ofisini zifungue moja moja, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye uzi wa skrubu, futa yanayozidi. Mafuta yasifike kwenye plastiki wala kwenye viungo ulivyopaka kuteksi. Vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe, vipange nyuma yake kabatini. Na mbali na dirisha. Jua la pwani linageuza zile sehemu za kijivu na nyeupe kuwa njano, na ikishakuwa njano hakuna sabuni.

Ukimweka, mweke amesimama wima mikono chini. Ile ya kumnyoosha bunduki mbele mwezi mzima ni kuliambia bega libebe mchana na usiku. Au mweke akiwa lori, hapo mzigo wote uko kwenye magurudumu.

Bei siwezi kumpangia mtu dukani kwake. Nitakuambia ninavyoipima mimi. Jina la Japani litoe, halipo. Tela halipo, Roller hayupo, bega moja linalegea. Shoka na Matrix vimo? Hukusema. Vikikosekana, umebaki na roboti na bunduki. Mimi laki mbili nisingefika, na hapo namhesabia na uzuri wa kumtazama, maana kwa mbali kopi hii inapendeza, sitaki kumnyima haki yake. Rangi nyekundu imekolea kuliko yangu.

Nasri mtafutie wa kwake, orijino na mdogo. Hasbro wana wale wanaoitwa One-Step Changer, ukisukuma mara moja kigari kimekuwa roboti. Kwa miaka saba vinaweza kumchosha upesi, basi panda kidogo. Maboksi yao ya siku hizi huandikwa hatua ngapi za kugeuza. Nisingevuka kumi na kitu kwa kuanzia. Kuna na mfululizo wa bei nafuu wa Authentics, Optimus yumo, na sura yake imekaribia hiyo ya uso bapa unayoitaka wewe. Mpe na karatasi ya maelekezo ila usimwonyeshe. Kijana wangu wa kwanza kumpa alikaa nayo jikoni mpaka ugali ukapoa, mama yake akanifokea mimi.

Huyo wa kwako aambiwe kabisa ni wa baba.

BabaNasri_Tanga

Shukrani sana Fundi, na Ami pia, Mola awaweke.

Matrix imo, shoka halimo. Nimesikiliza bega kwa sikio kweli, wateja wa plagi wananishangaa: tak ipo, mkono unashuka kidogo, kwa hiyo ni hiyo ya kuteksi. Muuzaji baada ya kuona nasikiliza mdoli kama daktari kashuka mwenyewe hadi laki na themanini. Nimemwambia aniwekee mpaka mwisho wa mwezi, asimshushe kabatini, na asimruhusu mtu kumwinua mkono.

Nasri nimemwagizia huyo wa Authentics kupitia dada yake aliye Nairobi.

Ami, hiyo ngumi unayokosa ni ya kulia? Kuna kijana hapa anachapa vipande kwa printa ya 3D, nikimpa vipimo anaweza kuitoa.

Ami_wa_Ruwi

Ya kuchapa ninayo, alinifanyia kijana wa hapa Seeb, bluu yake haikulingana. Naitaka ya asili. Ya kulia, BabaNasri, si ya kushoto, wengi huniletea ya kushoto. Na mwulize huyo jirani yako wa spea, mwenye kontena huwa na vitu chini ya vitu.

Mzee_wa_Makorora

Nami naulizia, huyo wa kusukuma mara moja akawa roboti ni shilingi ngapi? Ni wa mjukuu.

Fundi_Kioo

Wa mjukuu, sawa mzee. Nitumie ujumbe pembeni.